Santuri ya Marehemu na Kipande cha Kiazi

Sijawahi kusimulia jambo hili bila kufunika uso, lakini kwa kuwa mke wangu Wanjiru ameshalisambaza nusu ya Nyeri (tena kwa chumvi nyingi), afadhali mlisikie kutoka kwangu mimi niliyeharibu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Mama mkwe wangu anaishi Mweiga, na ana santuri moja ndogo ya wimbo ambao marehemu mumewe, Mzee Gathogo, alimwimbia na kuurekodi akiwa kijana. Hakuna nakala nyingine popote. Gramafoni yao ilikufa zamani, kwa hiyo tangu amzike mumewe hajaisikia sauti yake hata mara moja, na alipokaribia kutimiza miaka themanini nikasimama mbele ya ukoo mzima, bila kuombwa na mtu, nikatangaza kwamba nitanunua mashine na siku ya sherehe mama atamsikia mzee.

Nikaenda kwa Muthoni, fundi wa redio hapa mjini. Akanionyesha mashine ya bei ya wastani, nyeusi, isiyo na urembo wowote, na spika zake mbili za kuweka pembeni.

"Mwalimu, chukua hii," akasema. "Huu mkono wa sindano unaupima uzito mwenyewe, sindano ikiisha unabadilisha, na spika ziko mbali, haziwezi tingisha santuri."

Maneno ya maana kabisa. Sasa mimi, na shahada yangu, macho yalikuwa kwa nyingine ya bei hiyo hiyo, nyekundu, ya kufungwa kama sanduku la safari, spika ziko ndani kwa ndani, waya za kuunganisha hakuna.

"Hiyo ni ya kupigwa picha," Muthoni akasema.

Nikamweleza (mimi nikimweleza fundi!) habari za mawimbi ya sauti kwa dakika kumi nzima, kisha nikabeba sanduku langu nikaenda.

Siku ya sherehe boma limejaa, akina mama wa kanisa wako mstari wa mbele, mama yuko katikati na kitambaa kipya kichwani, nafungua sanduku kwa madaha, natoa santuri, ndipo naona tundu lake ni pana kama sarafu na kijiti cha mashine ni chembamba kama penseli. Santuri nyingi ndogo za zamani ziko hivyo, zinahitaji kidude cha plastiki cha kujaza tundu, na kidude hicho kilikuwa kwenye boksi la ile nyeusi. Ningesema tu, "Samahanini, tungoje kesho," mambo yangeishia hapo. Badala yake nikakimbia jikoni, nikakata kipande cha kiazi, nikakichonga mviringo, nikakitoboa katikati na kujisifu moyoni.

Katikati niliyoikadiria kwa macho haikuwa katikati. Santuri ikazunguka ikiyumba, na sauti ya Mzee Gathogo, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kuonja pombe, ikatoka ikipanda na kushuka kama ya mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

"Ati huyo ni Gathogo?" mjomba wa Wanjiru akapiga kelele. "Ni nani amemrewesha?"

Boma zima likaangua kicheko. Mama peke yake hakucheka.

Kwa aibu nikaongeza sauti ili kuzima kicheko, spika zikatikisa sanduku, sindano ikaanza kurukaruka, na mimi (nakasirika hata ninapowaambia) nikatoa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni nikaiweka juu ya mkono wa sindano ili itulie. Mwalimu wa fizikia! Uzito wote ule juu ya ncha ndogo namna ile! Ikakoroma, ikakwama, ikachimba. Nilipoiinua, santuri ilikuwa na mkwaruzo mweupe.

"Mwarimu," mama akasema polepole, "umemfanya nini?"

Nikafunga sanduku langu. Sikula hata wali wa watu.

Jumatatu nikarudi kwa Muthoni. Hakunicheka, na hilo likaniudhi kuliko kicheko. Nikanunua ile nyeusi, naye akafuatana nami hadi Mweiga, akaweka kidude cha plastiki, akapima uzito wa sindano, akaanzisha wimbo. Sauti ikatoka safi, ya kijana mwenye raha zake, mama akafumba macho, mpaka ubeti wa pili, pale mzee anapomwita mpenzi wake. Sindano ikaruka. Wanjiru akashika mdomo. Neno moja tu lilikuwa limepotea, na lilikuwa jina la mama.

Muthoni akatikisa kichwa, akasema neno hilo halirudi tena. Nikaanza kuomba msamaha, nikieleza na sababu, mama akaniinulia mkono ninyamaze.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha sindano mwanzo. Wimbo ulipofika pale, akaimba mwenyewe, "Nyawira," kwa sauti nyembamba inayotetemeka, kisha akamwachia mumewe aendelee.

Nimeapa sitamfundisha fundi kazi yake tena maisha yangu yote, na santuri ya mtu siigusi mpaka niambiwe. Lakini kila Jumapili mama huniita nije kumwekea wimbo wake, na ukifika ubeti wa pili mimi huangalia sakafu.