Suti Yangu Nyeupe ya Karate

Hapa Buhembe hakuna anayefua suti ya karate kama mimi, na nilikuwa nikiwaambia hivyo wanafunzi wangu. Unatumia maji baridi na sabuni ya mche, dawa ya madoa marufuku, kisha unaianika kivulini. Yangu ilikuwa nyeupe pee siku tulipoalikwa kufanya maonyesho parokiani Izigo, ambako mama wa mchumba wangu angeniona kwa mara ya kwanza.

Pikapu tuliyopata ilikuwa imebeba ndizi zilizokatwa asubuhi hiyo. Nikakalia mikungu nikiwa nimevaa suti yangu, nikiendelea kuwafundisha wenzangu kufua.

Izigo nilisimama mbele, nikaielekea meza ya padri, nikainama kwa heshima. Nyuma yangu watu wakaguna, halafu wakaanza kucheka. Nikadhani wanashangaa weupe wa suti, nikainama tena, chini zaidi.

Ndipo mama wa mchumba wangu akaja taratibu, akanifunga kitenge chake kiunoni. Utomvu wa ndizi ulikuwa umekauka makalioni, ukawa doa pana la kahawia.

“Pole, mwanangu,” akaninong’oneza. “Choo kiko nyuma ya kanisa.”