Nimesaini bweni lililojengwa juu ya mazuku

Admini, jina langu libaki kwako, na neno lolote linaloweza kunitambulisha ulifute. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Murara hapa Goma, enjenieri wa majengo. Nimeishi Ubelgiji karibu miaka ishirini, mke wangu na watoto wako kule. Nimekuja nyumbani kwa majuma matatu kufungua jengo nililolichora mwenyewe, na sasa natamani lisifunguliwe kabisa.

Nianze na aliyenisomesha. Baba yangu alikufa nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwalimu wangu wa hesabu, nitamwita Muzee, alizunguka parokia nzima akiniombea msaada. Watu walitoa maharage, wengine kuku, mama mmoja alitoa kitenge chake cha arusi kikauzwa. Nikapata tiketi, na kule nikapata bursi ya kulipia masomo ya chuo. Muzee hakunidai kitu hata siku moja. Kwa hiyo aliponiambia parokia inataka bweni la wasichana waliokimbia vita vijijini ili wasome hapa mjini, nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Kiwanja alikitoa yeye, upande wa Katoyi. Katikati yake kuna shimo kubwa ambalo zamani watu walichimbamo mawe ya volkano. Nililiona kwenye picha nikafurahi. Yale mawe kuyavunja ni kazi ya kumtoa mtu roho, na hapa msingi ulikuwa umeshachimbwa! Nikachora bweni ndani ya shimo na madarasa juu yake. Nilijiona mjanja sana, wallahi.

Nilipofika, mafundi walikuwa wanamalizia rangi. Saa sita mchana, jua linachoma, wote wanakula juu, na chini kuna kivuli kizuri. Nikawatania, "Ninyi mnapenda kuungua?" Wakacheka, wakaendelea kula. Mama anayewapikia akanivuta pembeni.

"Papa, kule chini hatukaake. Kuko mazuku."

Mnaosoma mkiwa mbali, mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, inalala kwenye mashimo, hasa asubuhi kabla upepo haujaanza. Mbuzi akiinama kula majani anaanguka palepale, na mtu akilala humo haamki. Mimi nimekua nikikatazwa kucheza mabondeni kwa sababu hiyo. Nilijua! Lakini nilikaa mbele ya kompyuta yangu nikasahau kitu anachokijua kila mtoto wa Katoyi.

"Sasa mbona hamukuniambia?" nikamuuliza.

"Siye tulizania unajua. Weye njo ulisomaka." Yaani mimi ndiye msomi.

Kesho yake asubuhi nilishuka na mshumaa. Usawa wa kifua uliwaka vizuri. Nikaushusha taratibu, ulipopita goti ukazimika, na upepo hakuna. Nikauwasha tena, ukazimika palepale. Vitanda vya chini viko chini ya goti. Nilipanda ngazi mbio.

Nikaenda kwa Muzee. Sasa ni mzee kweli, figo zinamsumbua, anatembea kwa kushika ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mimi pia nilijua lile shimo, mutoto wangu. Nilipoona plan yako nikasema, huyu amepata dawa yake kule. Ningekuuliza namna gani, mimi mwalimu tu?"

Nikamwambia tufunge kule chini. Akaanza kulia. Alisema watu watadai alitoa kiwanja kibaya makusudi, na parokia haitamchangia mtoto mwingine tena. "Unipatie ile siku ya fete ya ufunguzi tu," akaniomba. "Nyuma yake utatengeneza." Sikuwahi kumwona Muzee akilia. Nikasaini karatasi inayosema jengo liko salama, kwa mkono wangu huu.

Jumanne kulikuwa na mkutano wa wazazi. Baba mmoja aliyekimbia kutoka Masisi, amebaki na binti mmoja tu, akasimama. "Papa enjenieri, na mazuku ya pale?" Muzee akaniangalia. Nikajibu kwamba tumeweka mabomba na feni za kuvuta hewa. Ni kweli zipo, nilizichora kwa ajili ya unyevu tu. Sikusema kwamba zinahitaji umeme, na umeme wa mtaa ule unakatika kila siku. Watu wakapiga makofi. Yule baba alikuja kunishukuru kwa mikono miwili, na mimi nikaipokea ile mikono.

Wasichana thelathini wanaingia Jumamosi, siku ileile ya fete. Jumapili narudi Ulaya. Nikisema, namvunja mtu aliyenifanya niwe mtu, na mlango alionifungulia unafungwa kwa wengine. Nikinyamaza, siwezi hata kuandika kitakachotokea. Naogopa, na nina aibu. Wanaotaka kunitukana wanitukane, nimestahili.

Leo Alhamisi nimemkuta yule baba wa Masisi bwenini. Ameleta godoro la binti yake mapema ili asikose nafasi. Nilimwomba alipandishe kitanda cha juu. Akakataa, ati mtoto wake huanguka akiwa usingizini. Akainama, akalitandika chini kabisa, akalipigapiga kwa kiganja mpaka likanyooka.

"Papa, weye ulishasema pako muzuri," akaniambia. "Tuogope nini tena?"

Nilipanda ngazi, nikaja kuandika haya. Bado siku mbili. Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngemwendea nani kwanza, na mngeanza na neno gani?