Upanga wa Kupiga Nyuma

Cheka kwanza, umalize, ndipo nikueleze. Kila ninayemwambia kwamba marehemu papa yangu, baba yangu mzazi, alikuja kucheza mchezo wa televisheni, asubuhi kweupe, watu wameamka, huanza kwa kucheka. Sikuwa nimekunywa kitu. Sikuwa na homa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeketi kwenye benchi pale Mangobo, mtaani kwetu, nikimnyonyesha mtoto, na haya niliyaona kwa macho haya mawili.

Nchi bado iliitwa Zaire. Tonton Asumani, mdogo wake papa, alikuwa amerudi kutoka Nairobi na mashini ya mchezo, ile ya kuunganisha na televisheni, akafungua chumba karibu na soko. Mimi ndiye niliyefungua mlango na kuwapanga watu zamu. Mchezo ulikuwa mmoja tu: mtu anapanda ngome, ghorofa kwa ghorofa, anapigana na walinzi, na njiani anaokota panga za kila aina. Kulikuwa na upanga mrefu, upanga wa moto, na kwenye ghorofa ya tatu upanga mmoja wa ajabu, umepinda, ncha yake inatokea nyuma ya kiwiko. Ukibonyeza, unapiga nyuma! Adui yuko mbele yako anakutafuna, wewe unakata hewa. Vijana waliuita upanga wa mujinga. Waliuokota kwa bahati mbaya tu na kuutupa palepale.

Ni papa peke yake aliyeupenda.

Papa alikuwa fundi wa reli, njia ya Ubundu. Akirudi safari, anavuka mto kwa mtumbwi, anafika Mangobo na kofia yake ya kazi, anaomba zamu kama watu wengine. Mzee wa miaka hamsini na tano katikati ya vijana! Walimtania: babu, utavunja maneti na vidole hivyo. Maneti ndicho kile kidude cha kushika mkononi. Yeye hajibu. Anaketi, anaucheza upanga wa mujinga, anakufa, anarudia.

Na mimi hanisalimii.

Bon, hapo lazima nikuambie aibu yangu. Nilipata mimba kwa mwanafunzi mmoja. Alipomaliza masomo alipanda meli kwenda Kinshasa, na barua hata moja sikuona. Papa alinipenda mno, mimi mtoto wake wa pekee, akanikasirikia kwa kipimo kilekile. Tangu tumbo lionekane, hakunena nami neno. Angekaa pale chumbani saa nzima amenipa mgongo, macho kwenye televisheni, na mimi nyuma yake nimekaa na mtoto mapajani. Unajua ilivyo kumuona baba yako shingo tu, miezi na miezi? Niliijua ile shingo kuliko uso.

Kwetu, ukoo wetu uliotoka Maniema, mtoto ambaye babake hajajitokeza anapewa jina na babu mzaa mama. Si na mama, si na bibi, si na tonton. Babu akifa bila kulisema, mtoto anabaki hivyohivyo, hana mlango wa kuingilia ukooni. Hatajwi kwenye dua, haitwi kwenye matanga. Mtu wa njiani. Binti yangu alikuwa na miezi mitano na bado anaitwa Bebe. Hata karatasi ya zahanati iliandikwa Bebe. Shangazi Zaina, dada mkubwa wa papa, alimpigia papa magoti kumwomba jina. Papa alivaa kofia yake akatoka. Nililia mpaka maziwa yakakauka kwa siku hiyo.

Jumatatu moja papa akaenda Ubundu na treni. Hakuniaga.

Jumamosi yake ilikuwa siku ya salongo, kila mtu ametoka na jembe na fagio kusafisha mitaro ya serikali. Mimi nilisamehewa kwa sababu ya kunyonyesha. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo chumba kilikuwa kitupu. Nje kwenye baraza alikaa jirani yetu kinyozi, aliyekuwa na mguu mbovu, akisubiri umeme urudi ili mashine yake ya kunyoa ifanye kazi. Nilimsikia akipiga miayo.

Papa akaingia. Kofia ya kazi, shati lake la kaki. Nikajisemea treni imerudi mapema. Akaketi mahali pake, akabonyeza, televisheni ikawaka. Nikasema moyoni, afadhali, umeme umerudi. Kwa nini niwaze kingine?

Halafu akageuka. Akanitazama usoni. Niamini, hilo lilinishtua kuliko lolote lililofuata.

"Mutoto iko analala?"

"Iko analala, papa."

"Usimulete karibu. Mikono yangu iko baridi. Kuya, ikala hapa, nikuonyeshe hii upanga."

Nikamlaza mtoto kwenye benchi, nikaketi kando yake. Akaanza kunifundisha, taratibu, kama alivyonifundisha zamani kufunga kamba za viatu. Akasema kosa la vijana ni kumtazama adui. Huu upanga hautaki hivyo. Mpe mgongo. Tulia. Mwache aje mpaka kivuli chake kiguse kisigino chako, ndipo ubonyeze, mara moja tu. Kila pigo linakusukuma hatua moja mbele, kwa hiyo usisimame ukingoni kamwe, utajitumbukiza mwenyewe. Wale ndege wa ghorofa ya sita, chuchumaa kwanza, ncha itainuka juu. Na usipigepige ovyo, sababu unachelewa kurudi mkononi, na hapo katikati huna kitu.

Nikacheza, nikafa. Nikacheza, nikafa. Alicheka, yule papa yangu ambaye sikumsikia akicheka karibu mwaka.

Tukafika kwa mlinzi wa mwisho. Hakuna kijana wa Mangobo aliyewahi kumpita huyo. Ana ngao kubwa mno, ukimkabili kwa upanga wowote anajifunika, unagonga chuma tu. Papa akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, kidole gumba chake juu ya kidole gumba changu. Ulikuwa baridi kama mtungi wa maji.

"Huyu anashusha ngao akiona mugongo tu," akasema. "Mugeukie nyuma. Usiogope."

Nikageuka. Ngao ikashuka. Kivuli kikaja, kikaja, kikagusa kisigino. Alibonyeza gumba langu, na mlinzi akaanguka. Nilipiga yowe la furaha! Yeye hakupiga yowe. Alisema maneno ambayo ningetoa chochote kuyasikia miezi ile yote.

"Mimi nilikupatia mugongo, mwana yangu. Haikukuwa kasirani tena. Kasirani iliisha zamani. Ilikuwa haya. Sikujua namna ya kugeuka."

 Mimi machozi tu.

Ukishinda, mashini inakuomba uandike jina lako, herufi moja moja. Papa akachukua maneti. Nilidhani ataandika lake. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye reli, na alitafuta herufi polepole, midomo ikisogea. M. Akatafuta tena. W. Akaendelea mpaka ikatoka Mwayuma. Jina la mama yake, bibi aliyemlea peke yake baada ya babake kufa.

"Jina ya mutoto," akasema. "Umwambie Zaina."

Nikaruka kwenda kumbeba mtoto, nimwonyeshe babu yake hata kwa mbali. Hatua mbili tu! Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu na televisheni nyeusi. Nikakimbia nje.

"Papa yangu amepita wapi?"

Kinyozi akanishangaa. Alisema ameketi pale mlangoni tangu asubuhi na hakuona mtu akiingia wala akitoka.

"Lakini ulisikia mchezo?"

"Mchezo na courant gani?" akasema. "Courant ingerudi, mimi ningekuwa hapa nahesabu nzi?"

Kesho yake, Jumapili, Tonton Asumani aliitwa kwenye foni, ile redio ya sauti ambayo watu walitumia kupelekeana habari. Alirudi amevua kofia yake, ameishika mkononi. Papa amekufa Ubundu kwa homa, Ijumaa alfajiri, na wamekwisha kumzika hukohuko.

Ijumaa. Hesabu mwenyewe.

Kwenye matanga nikasema yote. Shangazi Zaina alinisikiliza, akatikisa kichwa. Akasema mimi ni mtoto mwenye uchungu, na uchungu unasema mengi. Jina halitoki kwenye mashini, linatoka kinywani mwa babu, na kinywa hicho sasa kimefungwa. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, nisingeamini. Lakini usiku huo nilimtazama binti yangu amelala, nikaona nimempoteza naye, hivi hivi akiwa hai.

Wiki mbili baadaye akaja mwenzake papa wa kazini na begi la marehemu. Hatukuwa tumewahi kumwona. Alipewa chai, akatoa pole, akatusimulia ugonjwa ulivyokwenda. Halafu akauliza, bila mtu kumchokoza: "Na Mwayuma ni nani? Usiku ule wa mwisho alituomba kalamu, mkono ukakataa kushika. Akasema tu, mtoto wa binti yangu, Mwayuma, ni nani atawaambia? Akalirudia mpaka sauti ikaisha."

 Shangazi Zaina akainuka, mzee wa watu, akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaweka mdomo sikioni mwake. Akamwita jina lake mara tatu. Mimi nilianguka pale chini nikalia kilio nilichokuwa sijamlilia papa.

Mwayuma leo ana watoto wake. Mimi, hiki kidole gumba cha kulia, shika, usiogope. Unaona? Baridi. Nakaa jikoni na makala, huu mkaa wa moto, tangu asubuhi, vidole vingine vinaungua, hiki hapana. Daktari mmoja alisema ni mishipa. Nikamwambia ahsante, daktari.

Basi nikuonye. Ukijiwa na mtu wako saa ambayo hukumtazamia, usiulize ametoka wapi, usiende kukagua umeme, na usiondoke kando yake hata hatua mbili. Mwache amalize lililomleta. Lakini zaidi ya hilo, kama kuna mtu nyumbani kwenu mnayenuniana, usisubiri ajifunze kugeuka. Nenda leo, ukakae mbele ya uso wake. Mimi nilirudishiwa papa yangu kwa muda wa mchezo mmoja, na ninajua wengi ambao hawakurudishiwa hata huo.