Kichwa ya tembo ya Merveille

Bapendwa, muniambie kama ni mi njo mubaya, juu leo nilipiga makelele na bado roho haijatulia.

Mutoto wangu Merveille ametimiza myaka sita. Alitaka gato, keki ya sura ya tembo yenye kuvaa lunettes, miwani ya macho, kama ile anachoraka mu kaye yake ya masomo kila siku.

Nikaifanya mi peke yangu. Siku mbili!
Courant ya umeme ilikatika, nikapika mu sufuria juu ya makala. Mukonga ulianguka mara tatu, nikaushika na kijiti.

Saa nane natoka kuoga. Batoto bote benye tulialika ku fete bako ku meza, banaangalia gato.
Tembo haina kichwa.

Yaya Odile, dada mukubwa ya bwana yangu, alishaikata, akaifunika mu sahani, akaiweka mu frigo!

"Yaya, umefanya nini?"
"Kichwa ni ya tata, baba ya nyumba. Eko ku kazi, ku mine ya madini. Banamuke ba sasa hamuyue heshima?"

Kichwa ya mbuzi, nakubali. Kichwa ya samaki, nakubali.
Ya GATO??

Merveille hata hakulia. Aliuliza tu: "Mama, sasa tembo atavaa lunettes wapi?"
Hapo njo nilipiga makelele.

Magaribi bwana anaingia. Yaya Odile anamuletea sahani na mikono mbili.
"Yaya, unayua mi sipendake sukari."

Mi nimekosea wapi? Museme.

Vile naandika hapa, Yaya Odile eko mu salon ya nyumba yetu, anakula kichwa.
Alianza na lunettes.