Pa Kumlaza Baba

Daktari alituambia tumrudishe baba nyumbani. Kwangu nyumbani ni Uyole, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa mshahara wa ualimu. Yeye akaelewa Matema. Saratani ya ini ilikuwa imemmaliza mwili, lakini ubishi wake haikuugusa. Alitaka kuzikwa alikozaliwa, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kando ya mama yake, na alitaka apaone kwanza kwa macho yake.

Basi tukakodi gari. Tulipoipita Tukuyu na kuanza kuteremka, nikamvua sweta la kwanza, kisha la pili, na ndani ikabaki mifupa. Nilikasirishwa na joto, na kona, na dereva aliyekuwa akinisimulia jinsi Matema ilivyochangamka siku hizi, wikiendi hupati chumba.

Hakusema uongo. Vijana wa mjini walikuwa wakipigana picha majini, muziki juu, na pembeni yao wanawake wanaanika dagaa kwenye vichanja. Mdogo wake baba alitupokea kwenye nyumba ya bati jipya, huko nyuma kabisa, mbali na maji. Nilishangaa kwa nini amehama kiwanja cha familia kule mbele.

Mkewe akaleta maji ya kunywa. Baba akakataa. Siku zote akifika kwao alianza kwenye makaburi kusalimia waliolala, ndipo akubali kitu kwa walio hai. Alikuwa Mlutheri wa kila Jumapili, na hilo halikuwahi kumpa shida.

“Kunywa kwanza, kaka,” baba mdogo akasema. “Jua lenyewe kali.”

“Nitakunywa nikitoka kwa mama.”

“Si twende kesho asubuhi, umepumzika.”

“Kesho ya nani?”

Baba mdogo akainamisha kichwa, na ndipo yakatoka. Kile kiwanja alikuwa amemuuzia tajiri mmoja, naye akajenga vyumba vya wageni. Kaburi hawakulifukua, alisema. Bibi yupo palepale, wamejenga tu juu yake. Nilitamani kumzaba kibao mtu mzima yule mbele ya mkewe.

Baba hakupandisha sauti. Alisema apelekwe. Tukamshika huku na huku mpaka kwenye vile vyumba, na dada wa mapokezi alipoelezwa akachukua funguo bila maswali. Baba alitazama mwamba ulio majini, akapima kwa macho, akaonyesha chumba cha mwisho. Ndani kulikuwa na kitanda kikubwa, shuka nyeupe, na taulo iliyokunjwa kama bata. Akanyoosha kidole chini ya kitanda. Tukakisogeza. Akaomba tumlaze pale, akaweka shavu kwenye vigae.

“Ugonile, mama,” akamsalimia kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Nje watu wanacheka. Kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho.

“Na mimi umeniwekea wapi?”

Baba mdogo akaanza kulia. Pale alipohamia palitosha nyumba na choo tu, kisha mpaka wa jirani. Nilimletea baba maji mlemle chumbani, akanywa funda moja, tukarudi Uyole siku ileile.

Alifariki kabla wiki haijaisha. Tulimzika kwenye makaburi ya mtaa, kwenye manyunyu na baridi, katikati ya marehemu asiowajua. Baba mdogo alikuja. Alilia kuliko sisi sote, na mchungaji alipomaliza, akachukua koleo ili atie udongo wa kwanza, kwa kuwa ndiye ndugu wa tumbo moja aliyebaki.

Nikamshika mkono mbele ya waombolezaji wote.

“Udongo wa baba ulishauuza,” nikamwambia.

Aliniachia koleo, nikautia mimi.