Alama kwenye Kioo cha Rada

Mama mkwe wangu hakuwa mtu rahisi wa kukaa naye. Nasema hivyo kwa sababu nilikaa naye miaka thelathini na mitatu, jiko moja, choo kimoja. Kila asubuhi kabla ya chai alihamisha vitu. Kiti cha dirishani kinakwenda mlangoni, ndoo ya maji inabadilishwa pembe, saa ya ukutani inateremshwa na kutundikwa ukuta wa pili. Mume wangu, ambaye ni fundi bomba na si mtu wa kulalamika, alijigonga magoti ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka akazoea kutembea mkono mbele. Ukimuuliza mama sababu, jibu lilikuwa lile lile: "Kitu kikikaa mahali pamoja, macho yanakizoea." Hapo mjadala umefungwa, chukua kikombe chako kanywe chai.

Mtaani walimwita Bibi Rada. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini, wakati wa vita, alifanya kazi kwenye kile kituo kilichoko kilimani juu ya nyumba yetu. Vita vilipokwisha wanajeshi walipakia mashine zao wakaondoka, wakaacha chumba cha zege kisicho na dirisha na miguu minne ya chuma iliyokuwa imebeba antena. Chumvi imeila ile miguu mpaka ukiigusa inabaki mkononi. Ukutani kuna matundu ya nyaya, na upepo ukipita humo chumba kinapiga mluzi mwembamba unaofika mpaka jikoni kwangu. Hakuna aliyempa mama kazi ya kulinda pale, lakini ufunguo alikuwa nao yeye. Kila wiki alipanda kuziba matundu kwa matambara, na kila wiki aliyakuta matambara yako chini. Mimi sikupenda kupanda naye. Nikiingia mle, nywele za shingoni zinanisimama, na sioni aibu kulisema.

Nina sababu yangu. Baba yangu alikufa baharini, mbele ya kituo hicho, mimi nikiwa tumboni miezi minne. Kazi yake ilikuwa kuchochea makaa kwenye boila la meli ya posta. Meli ilizama asubuhi moja yenye ukungu, pamoja na watu wote arobaini na mmoja. Uchunguzi ukasema boila lilipasuka kwa uzembe wa wachochea makaa. Kwa hiyo sikukua kama yatima wa kuhurumiwa. Nilikua kama mtoto wa mlipuaji. Shuleni walikuwa wakinipita wanafanya "buu!" kwa mdomo. Mama yangu mzazi alihama mitaa mitatu, maneno yakamfuata kote. Wachumba wawili walikuja, wakasikia habari, wakayeyuka. Halafu siku moja Bibi Rada akaja mwenyewe, na viatu vyake vya kazi, akanitaka kwa ajili ya mwanawe. Mwanamke anayeheshimika namna ile! Mama yangu alilia akamshika miguu. Nami nilimshukuru kwa miaka yote hiyo, hata nilipokuwa nikijikwaa kwenye viti vyake.

Sasa mwaka jana halmashauri ikaamua kituo kiwekewe jiwe la historia. Wakamtuma karani mmoja kijana, mwembamba, anayetembea amekumbatia faili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Tukampa jina la Bwana Faili kabla hajamaliza kukaa. Alikuja asubuhi ya Jumanne kutusomea maandishi yatakayochongwa. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya redio:

"Kituo hiki kililinda bahari hii kwa miaka minne. Chombo kimoja tu kilipotea, nacho ni meli ya posta, iliyoangamia kwa uzembe wa wachochea makaa wake."

Nilikuwa namenya viazi. Kisu kilinidondoka.

"Hayo hayachongwi," nikamwambia.

"Dada, sikuyatunga mimi," akasema. "Ndivyo ripoti inavyosema. Labda apatikane shahidi mwenye maneno tofauti." Akamgeukia mama mkwe. "Na waliokuwa kituoni wamekwisha wote. Amebaki bibi peke yake. Jiwe linakwenda kwa mchongaji Ijumaa."

Maneno ya mdomoni hupita. Ya kwenye jiwe yangesomwa na wajukuu wangu. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikiwa na maganda ya viazi mikononi. "Mama, wewe ulikuwepo. Sema. Baba yangu alikuwa mzembe?"

Hakunitazama. Alitazama baharini. Akasema, "Nipandisheni juu."

Magoti yake yalikuwa yamekataa kilima tangu miezi sita nyuma, kwa hiyo mume wangu alimbeba mgongoni. Nje jua lilikuwa kali. Ndani ya chumba kile kulikuwa na giza na baridi ya kaburi, kuta zinatoka jasho. Mluzi ulikuwa ukipiga. Mama akaketi juu ya debe lililopinduliwa, uso ukutani, mgongo kwetu, akaanza kusema kama anayetoa ripoti.

"Kioo kilikuwa hapa. Tulikitazama nusu saa nusu saa, kisha unampisha mwenzako, maana macho yakichoka yanadanganya. Ukiona nukta, unaitamka kwa sauti, aliye pembeni anaandika. Lakini kuna nukta za siku zote. Mwamba, rasi, mnara wa taa. Hizo tuliziwekea msalaba juu ya kioo kwa penseli ya nta. Iliyowekewa msalaba haitamkwi. Ndiyo ilikuwa sheria. Bila hivyo tungeshinda tunapiga kelele za mawe."

"Naam," akasema Bwana Faili, anaandika mbio mbio.

"Ukaja ukungu wa siku nne. Siku ya kwanza niliona nukta mpya karibu na miamba. Nikaitamka. Msimamizi akatazama, akasema ni jiwe tu, maji yamekupwa. Siku ya pili ilikuwa pale pale, haijasogea hata unywele. Maji yalijaa, yakakupwa, yenyewe ipo. Basi nikachukua penseli nikaiwekea msalaba. Msimamizi hakuniagiza. Ni mkono wangu."

Mume wangu alisema taratibu, "Mama, inatosha."

"Haitoshi. Ilikuwa nyambizi ya adui, imelala juu ya maji, imezima mashine. Asubuhi ya tatu ikaondoka. Nukta ikatoka chini ya msalaba na kioo kikabaki na msalaba mtupu, na sisi watu wanne tunaopokezana hatukuona, kwa sababu mahali pale tulikuwa tumekwishajifunza kutopatazama. Meli ya posta ikapita. Tukasikia mshindo mmoja. Hapo ndipo nikatazama msalaba wangu."

Mluzi ukakatika, ukaanza tena.

"Msimamizi alifuta kioo kwa mkono wa shati. Akatuwekea karatasi, tukatia sahihi kwamba hatukuona kitu. Wao wakahitaji wa kulaumiwa. Wachochea makaa walikuwa wamekufa, hawawezi kubisha." Ndipo akageuka, akanitafuta gizani. "Boila halikuwa na tatizo lolote, mwanangu. Baba yako alikuwa akifanya kazi yake."

Nilimsubiri aseme kwa nini alikuja kuniposa. Hakusema, na sikuhitaji kuambiwa. Shukrani zangu zote zikanirudi kooni kama chakula kilichochacha.

Sina ugomvi na Bwana Faili. Aliandika neno kwa neno, akamsomea mama, mama akatia sahihi. Akapigana na wakubwa wake ofisini wiki mbili, na jiwe likachongwa upya: meli ya posta ilizamishwa na adui, wafanyakazi wake wakiwa kazini. Nilikwenda kulisoma kwa kidole, herufi moja moja, nikalia mpaka kifua kikauma. Nilimlilia pia mama yangu mzazi, aliyekufa bila kulisoma.

Mama mkwe hakuinuka tena kitandani tangu tulipomshusha kilimani. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilimgeuza ubavu asipate vidonda. Hakuna jirani atakayesema nilimtupa. Ila sikumsemesha. Nilijaribu, wallahi nilijaribu, nikaishia kuosha kijiko.

Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, pumzi zilianza kumbana na mume wangu akatoka mbio kumwita daktari. Nilibaki naye. Alifumbua macho ambayo hayakuwa yakiona tena, akanyoosha mkono upande usio wangu.

"Mwanangu, upo?"

Nilikuwa kwenye kiti, goti langu linagusa ubao wa kitanda chake.

"Upo?"

Nilisikia kila pumzi yake mpaka ya mwisho. Mume wangu aliporudi na daktari alimfunika, akakaa chini, akaniuliza kama mama yake aliita mtu.

Nikamwambia hapana, alikuwa amelala.