Fundi wa Motere Aliyeogopa Ziwa

Masika, mke wa kaka yangu, alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa sokoni Beni ninapima unga wa muhogo. Akasema, "Tamar, Abdias ametangulia."

Nikamuuliza, "Ametangulia wapi? Ameteremka Kyavinyonge?"

Nikasikia watu wanalia nyuma yake, ndipo nikaelewa. Mteja wangu alinitoa kopo mkononi, akajipimia unga mwenyewe bila kuzidisha, akanikalisha juu ya gunia.

Watoto wa Abdias wameniomba niandike maisha yake. Naandika niliyoyaona.

Kakule Abdias alikuwa fundi wa motere za mitumbwi mjini Butembo. Anayeijua Butembo ameshaanza kucheka. Sisi ni watu wa milimani. Ziwa Edouard liko chini kabisa, mwendo wa nusu siku kwa gari. Lakini kazi hiyo ndiyo aliyojifunza ujanani, na wavuvi wa Kyavinyonge, kijiji cha ufukweni, walimpandishia motere zao juu ya magari ya samaki. Alizifunga kwenye ukingo wa pipa la maji uani, akavuta kamba, akasikiliza kichwa upande kama padri anayeungamisha. Motere ikiimba vizuri, alisema "Amina," akaizima.

Ziwani kwenyewe, kwa miaka mingi, hakuwahi kufika. Aliogopa maji. Mama yetu alisema hata siku ya ubatizo alimpiga padri teke.

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, alipigiwa simu na Mama Kahongya, mjane wa Kyavinyonge aliyekuwa ameachiwa mtumbwi na motere ndogo na marehemu mume wake.

"Fundi, motere inakohoa."

"Weka buji mupya, mama. Itatembea."

"Buji tu?"

"Buji tu. Lakini tafuta ya muzuri, hapana zile zinaisha mbio."

Baada ya Pasaka motere ilizidi kuugua. Ilikwenda dakika kumi, ikazimika katikati ya ziwa. Mama Kahongya akaipandisha Butembo. Kwenye pipa ikaimba. Ikateremshwa, ikazimika. Mara tatu hivyo hivyo. Mara ya tatu, Issaka, dereva wa gari la samaki, alileta ujumbe: "Mama anasema ukuye mwenyewe juu ya maji. Ukikataa, motere zote za Kyavinyonge zitaenda kwa fundi mwingine."

Karibu kazi yote ya kaka yangu ilitoka pale. Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu alipakia pipa lake ndani ya gari la Issaka, akaniomba nimsindikize nikisali.

Kufika Kyavinyonge, aliweka pipa ufukweni, akaanza kulijaza maji ya ziwa kwa ndoo. Wauza samaki wakaacha biashara zao waje kutazama.

"Papa," mmoja alimuuliza, "ziwa yote hii, na wewe unateka mu pipa?"

"Hii ninaona mwisho yake," Abdias akajibu.

Akaunganisha motere na bidoni yake ya petroli, ile aliyoitumia nyumbani kila mara. Motere ikaimba. Mama Kahongya akaitazama, mikono kiunoni.

"Muzuri," akasema. "Sasa nitavua samaki mu pipa."

Hapakuwa na njia nyingine. Abdias alivaa gile mbili za kuelea, akajipitishia kiunoni mpira wa ndani wa gurudumu la Issaka, akaingia mtumbwini kwa magoti. Mama Kahongya alikaa kati. Mimi nilikaa na rozari yangu. Jephté, mwendeshaji, akaunganisha tanki la Mama, tukaondoka.

Dakika kumi. Motere ikakohoa, ikazimika. Kaka yangu alikuwa amefumba macho.

"Yaya, fungua macho," nikamwambia, kama mdogo anavyomwita kaka yake.

"Motere inatengenezwa na mukono."

Akapapasa kipira cha kuminya petroli, kikawa kimebonyea kama pera lililooza. "Tanki hapana inapumua," akasema. Mkono wake ukafuata mpira wa petroli mpaka kwenye kifuniko cha tanki. "Hii laini-laini hapa juu ni nini?"

"Ni buji," akasema Mama Kahongya.

Abdias akafumbua macho. "Buji gani?"

"Ile uliniambia niweke. Nilitafuta ya muzuri, padri aliibariki Pasaka. Kila asubuhi ninaiwasha pale, kabla ya Jephté kutoka."

Kwetu buji ni plagi ya motere, na buji ni mshumaa vilevile.

"Mama. Uliwasha moto juu ya petroli."

"Njo maana nilikuwa nasali sana."

Abdias akamgeukia Jephté. "Na wewe?"

"Miye ni nani, niguse maombi ya mutu?"

Nta ilikuwa imeziba katundu ka hewa juu ya kifuniko. Bila hewa kuingia, petroli haikuweza kutoka. Nyumbani hatukulijua hilo, kwa sababu Mama alituletea motere kila mara, lakini tanki hakulileta hata siku moja, na Abdias hakuliulizia. Akatoa msumari atoboe. Mama Kahongya akaufunika mkono wake: nta imebarikiwa, haichomwi msumari.

Upepo ukaanza kutusukuma mbali na nchi kavu. Kaka yangu akasema taratibu, "Mama, Mungu alimupulizia Adamu pumzi mu pua. Hapana alimuziba."

Mama akawaza. Akafanya ishara ya msalaba, akachomoa kibanio kwenye nywele zake, akampa. Abdias akatoboa. Tanki likavuta hewa, fyuuu, na motere ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Akacheka mpaka akasimama. Kisha akaona maji pande zote, akakaa chini upesi.

Motere ziliendelea kupanda Butembo, nyingi kuliko zamani, na tangu siku ile kila moja ilipanda pamoja na tanki lake.

Tulimzika Alhamisi. Misa ilianza saa nne. Wavuvi walipanda kwa gari la Issaka, na sita kati yao walibeba jeneza kutoka kanisani mpaka makaburini, kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, wakateleza mara moja kwenye mteremko, lakini hawakuliangusha. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Tulitia udongo mmoja mmoja: Masika, watoto, mimi, Mama Kahongya, Jephté, kisha wengine. Tulisali Baba Yetu na Salamu Maria. Kaburi likajazwa, msalaba ukasimamishwa, tukarudi nyumbani kula.